Ndege ya Jumanne

Simiyu nzima hapakuwa na mtu aliyezijua ndege za jeshi kumshinda bibi Kwandu. Kusema kweli alizijua mbili tu: ile inayokuja na ile iliyokwisha kupita. Lakini ya Jumanne aliiona kwa macho yake. Ilipita chini chini, kijani kama chatu, mapangaboi yakiwa nyuma ya mabawa badala ya mbele, na maksai wake wakakurupuka na jembe lao mpaka katikati ya pamba ya jirani yake, Mashimba.

Sasa Mashimba alikuwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akidai apewe maksai mmoja kufidia pamba yake.

"Bibi huyu alisinzia," alisema. "Mimi nimepita mgambo, ndege zote za jeshi nazijua. Jumanne haikupita hata moja."

Hasira ilimpanda Kwandu mpaka kwenye meno yake matatu. Alime tangu alfajiri, halafu aambiwe alisinzia! Tena na mtu aliyekuwa palepale shambani, kainua shingo juu kama korongo!

"Basi baba, ni uzee," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Labda niliota ile ya kawaida, yenye pangaboi moja puani."

"Puani wapi, mayu!" Mashimba alifoka. "Yalikuwa mawili, tena nyuma! Ndege ile ni adimu, hata kule mgambo hatukuwahi kuonyeshwa!"

Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Uliiona lini, Mashimba?"

Mashimba akaanza kukohoa.