Kipande Kilichokatwa Kinyume

Dada yangu alikuwa na masikio ya ajabu. Umwambie "si mbaya", yeye ataiangusha "si" njiani na kufika nyumbani na "mbaya" peke yake. Tulishonea kwenye chumba cha mbele, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye pasi na vifungo, na kwa muda mrefu nililichukulia jambo hilo kama utani wetu. Nilimwita Hakimu. Alikuwa anacheka.

Kisha likaja gauni la mkuu wa posta, mama mwenye sauti nene aliyekuwa akimwozesha binti yake. Alileta mahameli ya zambarau. Mahameli ina malaika, vile vinyweleo laini, na fundi hukata vipande vyote vinyweleo hivyo vikilalia upande mmoja. Dada alikata kipande kimoja cha mgongo kichwa chini. Gauni lilipokamilika, nusu ya mgongo ilikuwa imekolea rangi kuliko nusu nyingine. Mkuu wa posta alijigeuza mbele ya kioo, akacheka.

"Si mbaya, fundi. Siku ya bibi harusi nani atautazama mgongo wangu?"

Akalivaa, akaozesha, akacheza mpaka viatu vikamshinda. Lakini kwa dada gauni lile halikuvuliwa.

"Nimemwaibisha," alisema.

"Kakwambia?"

"Hajapita tena hapa. Ungekuwa wewe, ungepita?"

"Dada, yule ni mkuu wa posta, hagawi barua mlango kwa mlango."

Hakucheka. Kutoka gauni moja akafika kwenye magauni yote, kutoka hapo kwenye ndoa yake iliyovunjika, kutoka hapo kwa mama yetu, aliyekata roho hospitalini wakati dada ametoka kumnunulia maji. Yote aliyashona kwa uzi mmoja: ni mimi, ni mimi. Chakula kikawa hakimpiti kooni. Akawa anakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Nilimhurumia, na nilimchoka pia. Kuna siku nilitamani kumshika mabega nimtikise mpaka mawazo yale yamdondoke.

Nikaona dawa ni mkuu wa posta mwenyewe. Nilimfuata kazini, nikamwomba apite kwetu. Akaja na kitambaa kipya kwapani.

"Fundi wangu, lile gauni nimesifiwa mpaka nikaona haya. Nishonee jingine."

Moyo wangu ulijaa furaha. Nilimtazama dada, nikisubiri uso wake ufunguke. Alipokea kitambaa, akashukuru kwa adabu, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni.

"Umemwita wewe," akaniambia aliporudi. "Mama mtu mzima anakuja kunidanganya kwa huruma. Ndipo nilipofika."

Ni kweli nilimwita. Hapo ndipo nilipoogopa. Baya likija, aliliamini palepale. Jema likija, alilipindua mpaka likawa baya, tena bila kutoka jasho. Nilikuwa namimina maji kwenye chungio, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameifuta cherehani na kuitia mafuta. Kitambaa cha mkuu wa posta kilikuwa kimekunjwa juu yake. Akanikabidhi mkasi wake, ule ambao hata mimi sikuruhusiwa kuugusa nisije nikakatia karatasi.

"Uchukue," alisema. "Wewe utashona vizuri. Bila mimi mtapumua."

Utani ulinijia mdomoni kama kawaida, nikaumeza. Nikafunga mlango, nikaketi sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, karibu na miguu yake.

"Dada, unataka kujiua?"

Aliitazama mikono yake. Nje watu walipita wakizungumza mambo yao.

"Sijui," akasema.

Nikalia. Miezi yote ile dada alikuwa anajua kila kitu: watu wanafikiri nini, wanamcheka kwa nini, mama alikufa akimlaumu vipi. Hakuwahi kukosa jibu. Hili lilikuwa jambo la kwanza asilolijua, nami nililing'ang'ania pamoja na magoti yake.

"Basi twende kwa daktari hivyohivyo, tukiwa hatujui," nikamwambia. "Vaa viatu."

Hakuinuka, nikadhani amekataa. Kisha akaunyoosha mguu mmoja, nimvalishe.