Ndoo ya Chumba cha Kumi na Nne

Mkono wa ndoo ulikuwa bado umeelekea ukutani.

Mama wa usafi aliinama mbele ya chumba cha kumi na nne, akachungulia ndani ya ndoo ile ya taka. Tupu. Hata ganda la chungwa hamna, hata kipande cha karatasi. Na mkono ule aliuelekeza ukutani yeye mwenyewe siku tatu zilizopita, kama afanyavyo kwa kila ndoo anayoirudisha mlangoni, ili wasichana wasijikwae. Mtu akishaiingiza ndoo ndani, kesho yake huitoa vyovyote tu; wasichana wa mwaka wa kwanza wana muda gani wa kupanga mikono ya ndoo? Hii haikuguswa. Leo siku ya tatu.

Bweni zima alilisoma kwa taka. Alijua nani ana mafua, nani ameachana na mchumba akachanachana picha, nani anatafuna biskuti kwa siri huku akiwaambia wenzake anapunguza mwili. Mmbea hakuwa, ndoo zilisema zenyewe. Na hii ya kumi na nne ilikuwa inampigia kelele tangu juzi, yeye akajitia hamnazo.

Maana ndani ya chumba kile alikaa binti yake wa kumzaa.

Dunia ina vituko, jamani. Mabweni yote yale, mtoto akapangiwa lile lile ambamo mama yake anapiga deki. Siku ya kwanza binti alimfuata stoo, kwenye mafagio, akasimama karibu na mlango kama mtu mwenye haraka.

"Mama, nakuomba. Hapa tusijuane."

"Tusijuane vipi, na sura ni moja?"

"Niite dada tu, kama unavyowaita wengine. Nimeshawaambia mama yangu ni fundi cherehani, yuko mbali."

Mama alicheka, maana angefanya nini? "Haya, dada," alisema. Binti alipotoka, alipindua ndoo, akaikalia, akalia mpaka tambara likamkaukia mkononi. Tangu hapo, miezi mitatu, akajikaza kisabuni. Habari za asubuhi, dada. Nzuri, mama. Kila mtu humwita mama pale, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Jana alikwishainua mkono abishe hodi, akasikia ndara zinakuja koridoni, akaushusha na kujifanya anafuta kitasa. Alikifuta kweli, mpaka kikang'aa.

Mlango wa chumba cha kumi na tatu ulifunguka. Msichana wa humo alitoka na mswaki mdomoni.

"Dada," mama wa usafi alimwita, "huyu jirani yako yuko wapi?"

"Huyo? Tangu majibu ya jaribio yabandikwe hatujamwona. Alikuwa wa mwisho darasani, maskini. Amekwenda kwao."

"Nani kasema?"

"Wote tunajua. Hata mwenzake wa chumbani, yule aliyehamia ghorofa ya juu, kasema hivyo hivyo. Kwao mbali, unajua. Mama yake fundi."

Kwao! Kwao kulikuwa chumba kimoja nyuma ya chuo, na alfajiri ile ile mama wa usafi alikuwa amepita pembeni ya kitanda cha binti yake akitafuta kiberiti. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile tangu masomo yaanze. Bweni zima lilikuwa limetulia kwa sababu mtoto yuko kwao, na mtu mmoja tu duniani alijua kwamba hayuko.  Aliiacha deki pale pale katikati ya koridoni pale, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa miaka tisa, akashuka ngazi.

Mlezi wa bweni alikuwa mezani kwake na daftari la funguo.

"Naomba unifungulie kumi na nne."

"Kuna nini?"

"Ndoo haijaguswa siku tatu."

Mlezi alimtazama juu ya miwani. "Mama, nifungue chumba cha mtu kwa sababu ya ndoo? Wenzake wanasema amekwenda kwao."

"Hajaenda."

"Umejuaje?"

Mama wa usafi alishika ukingo wa meza. Aliyaona tena mafagio ya stoo, aliusikia ule wasiwasi wa mtoto, nakuomba, mama. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Neno hilo lilimpita kichwani likamtia baridi.

"Kwao ni kwangu," alisema. "Yule ni mwanangu. Nimemzaa mimi, na nyumbani hajakanyaga."

Mlezi alivua miwani. Alichukua ufunguo wa akiba. Walipanda ngazi pamoja, yule mama akitangulia mbio na mkono wake kifuani.

Ufunguo wa akiba haukuingia. Mlezi alijaribu, akageuza, akajaribu tena. "Kuna mwingine umechomekwa kwa ndani," alinong'ona. Wasichana walishaanza kutoka, taulo mabegani, vitabu mikononi, mmoja mmoja, kisha koridoni pakajaa.

Mama wa usafi alipiga magoti kwenye sakafu aliyoilowesha mwenyewe. Aliubandika mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Punje."

 Punje lilikuwa jina la nyumbani, la mtoto aliyezaliwa mdogo mpaka mkunga akamwonea huruma.

"Punje, mimi mama yako. Nisamehe, mwanangu, nimevunja ahadi. Niliona tangu juzi. Niliona nikapita. Jaribio, jaribio ni nini? Ukitaka kurudi nyumbani tutarudi, ukitaka kubaki utabaki, mimi nitaendelea kukuita dada mpaka uzeeke. Lakini niitikie. Niitikie tu."

Nyuma yake mtu alisema, "Ni mama yake?" na mwingine akamnyamazisha. Msichana wa kumi na tatu alishika mswaki wake bila kujua aufanyie nini.

Ndani, kitanda kililia.

"Mama?" Sauti ilikuwa imekauka, ndogo. "Nani wako nje?"

Angeweza kudanganya. Alitazama nyuma: taulo, vitabu, miwani ya mlezi mkononi.

"Wote, mwanangu. Wote wako hapa, na wote wamesikia."

 Halafu chini ya mlango, kwenye mstari mwembamba wa mwanga, vikaja vivuli viwili vya miguu, vikasimama. Mama hakusogea. Alinyoosha mkono tu pembeni, akaivuta ile ndoo tupu, akaugeuza mkono wa ndoo uelekee mlangoni, tayari kushikwa. Kisha akangoja, magoti yakilowa, akisikiliza vidole vikipapasa ufunguo upande wa pili.