Betri ya Saa ya Wodi

Jirani yetu, fundi cherehani wa mlango wa pili ninayemwita shangazi, anatangaza kwamba niliiba betri ya saa ya wodi mama akiwa kitandani, nikaenda kuitia kwenye rimoti ya televisheni. Eti alinikuta juu ya stuli, mkono ukutani. Juu ya stuli kweli alinikuta. Hilo la rimoti ni la kwake.

Asubuhi hiyo daktari alinivuta pembeni. Kama kuna mtu wa kumuaga mama, awahi, kwa sababu jioni ni mbali. Mimi nikamjibu kwa furaha kwamba kaka anaingia saa sita mchana. Miaka kumi na moja kaka hajakanyaga nyumbani. Ujumbe wake ninao mpaka leo: "Napanda saa mbili usiku. Ni kilomita elfu kumi na tatu, saa kumi na sita angani bila kutua. Mwambie mama anisubiri."

Nilijumlisha kwa vidole, nikarudia. Mbili na kumi na sita, kumi na nane. Toa kumi na mbili, sita. Nikamwambia mama, naye tangu hapo akakataa hata kusinzia. Macho yake hayakuiona mishale, lakini masikio yalikuwa mazima. Aliifuata saa kwa mlio wake.

"Bado ngapi?"

"Tatu, mama."

"Ndiyo zake. Hata kuzaliwa alinichelewesha siku mbili yule."

Ilipofika saa tano na nusu nikamwomba nesi anikalie na mama, nikampokee kaka getini. Akausoma ujumbe, akaurudia.

"Mdogo wangu, saa mbili usiku ya wapi?"

"Ya huko aliko."

"Huko ikiwa saa mbili usiku, huku ni saa kumi alfajiri. Jua halituchomozei pamoja. Kaka yako sasa hivi yuko juu ya bahari, hata nusu ya safari hajafika. Atatua saa mbili usiku ya kwetu."

Nilirudi kitandani. Mama alikuwa anavuta pumzi moja moja, kama mtu anayepandisha ndoo kisimani.

"Nusu saa," akasema. "Nusu saa naiweza."

Nikavuta stuli, nikapanda. Hapo ndipo jirani alipoingia.

"We mtoto! Unang'oa saa ya hospitali?"

"Inakimbia mbele, shangazi. Nairekebisha."

Betri nikaifumbata. Wodi nzima ikawa kimya, ukabaki mvumo wa pumzi za wagonjwa. Mama akageuza shingo polepole, akatega sikio ukutani.

"Mbona saa haisemi?"

"Imechoka, mama."

Akanitafuta mkono, akaupata ule uliofumbata betri.

"Basi nihesabie wewe, mwanangu. Zimebaki dakika ngapi?"