Taya la Ukoo

Ukoo wa baba yangu una taya. Wengine wana mashamba, wengine wana vyeo, sisi tuna taya: pana, limetokeza mbele kama droo iliyosahauliwa wazi. Babu alikuwa nalo, baba alizikwa nalo, na kaka yangu alianza kulipata akiwa kijana. Pamoja nalo huja mikono mikubwa, miguu isiyopata kiatu dukani, na sauti nzito ya kutisha watoto. Shangazi, dada mkubwa wa baba na msemaji wa ukoo bila kuchaguliwa na mtu, huyaita yote hayo "muhuri".

Mimi sina muhuri. Nina kidevu cha kawaida kabisa, na kwa kosa hilo ukoo umeniita Mgeni tangu utotoni. Mama alinipeleka kwa dada yake, juu milimani, nikiwa hata sijaacha vizuri kunyonya, nikakulia huko, kwa sababu kifua changu kilikoroma kila moshi wa kiwanda cha rangi ulipoingia ndani. Na moshi ule haupigi hodi. Ukuta wa kiwanda ndio ukuta wa uani kwetu, na mtaro unaopita mlangoni hubadilika rangi kufuatana na oda za wateja. Lakini shangazi alikuwa na maelezo yake: "Mtoto kafichwa ili tusimtazame vizuri usoni." Mama hakumjibu hata siku moja. Alimeza tu, na mimi nilimchukia shangazi kwa moyo wangu wote.

Kisha kaka akaanza kugonga mabega kwenye fremu za milango. Alikuwa haoni pembeni. Kazini, hapo hapo kiwandani anakochanganya rangi, alipindua pipa zima la kijani, ndipo meneja akakumbuka kwamba duniani kuna hospitali.

Daktari alimshika mkono, akaugeuzageuza, akamuuliza pete yake ya ndoa iko wapi.

"Ilikatwa," kaka akasema kwa fahari. "Sisi kwetu tunakua."

"Mpaka umri huu?"

"Baba alikua mpaka anakufa."

Picha zikaonyesha kwamba ile fahari yetu ni uvimbe. Umeota kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, kama punje ya kunde, na kwa miaka mingi umekuwa ukimwaga homoni ya ukuaji bila breki. Sasa ulikuwa unaibana mishipa ya macho. Ulipaswa kutolewa kupitia puani. Shangazi aliposikia alishika kichwa: "Wanataka kumtoa ukoo puani!"

Daktari alisema kuna kasoro ya kurithi, na kuna moshi, na kwamba viwili hivyo husaidiana. Meneja alikuja kumwona mgonjwa na zawadi ya kopo la rangi nyeupe. "Moshi wetu hauhusiki," alisema kwa upole. "Haya ni mambo ya damu yao." Shangazi akadakia, "Damu yetu kabisa!" Hiyo ndiyo mara ya kwanza kiwanda na ukoo wetu kukubaliana jambo, na wakapeana mikono juu ya kitanda cha mgonjwa.

Operesheni ikafanyika, na kaka akaanza tena kuona pembeni. Taya, bila shaka, lilibaki pale pale. Mfupa ukishakua haurudi. Ndipo daktari akataka kunipima damu na mimi.

Shangazi alileta nusu ya ukoo kwenye korido. "Akikutwa nayo ni wetu," alitangaza, "na chumba cha babu ni chake, ahamie hata kesho." Chumba cha babu ndicho chenye dirisha linalotazama bomba la moshi. Daktari alieleza, akarudia, kwamba mtoto anaweza kuikosa kasoro hiyo na bado akawa wa baba yake. Hakuna aliyemsikiliza. Na mimi, niseme ukweli, niliutaka ule ugonjwa. Niliutaka kama watu wanavyotaka kazi, ili mama apumzike na maneno yao.

Tuliingia watatu kwa daktari: mama, kaka na mimi. Akafunga mlango.

"Unayo," akaniambia. "Ile ile ya kaka yako."

Nilitabasamu kama mwehu. Mama hakutabasamu.

"Mbona huyu yuko hivi, na mwenzake yuko vile?"

"Siwezi kuapa, mama. Wengi wenye kasoro hii hawaugui kamwe. Ni mlango usio na komeo. Unaweza kukaa hivyo miaka yote. Ila pale kwenu kuna kitu kinausukuma kila siku. Huyu akae mbali na pale, na aje kupimwa kila mwaka."

Mama alinitazama, akamtazama kaka. Akakaza kitambaa chake cha kichwa, akafungua mlango, akatoka koridoni. Tukamfuata.

"Wifi," alimwambia shangazi, "umeshinda. Hana. Huyu si wenu."

Shangazi alikuwa ameisubiri sentensi hiyo maisha yake yote, na sasa alionekana kama hajui aiweke wapi. "Si nilisema mimi!" alipata kusema, lakini bila nguvu. "Basi chumba hapati."

"Hapati," mama akasema. "Na asikanyage tena pale."

Nilitaka kupiga kelele. Mama alinibana kifundo cha mkono mpaka kikauma, nikanyamaza, machozi yakinitoka mbele za watu.

Kaka alikuwa nyuma yetu, ameinama kwa mazoea ingawa mlango ule ulikuwa mrefu. Alisogeza kichwa chake kikubwa sikioni kwa mama, akanong'ona, tukasikia sisi tu:

"Na mimi, mama? Huwezi kuwaambia na mimi si wao?"

Mama aliinua mkono akamshika taya, lile lile la baba, akatafuta uongo wa pili, akaukosa.