Mtani Asiyejibu

Zzzip. Kimya. Zzzip tena.

Theresia alifungua jicho moja gizani. Ilikuwa asubuhi, lakini asubuhi ya Desemba pale Rissne, nchi ya Waswidi, ambayo huwezi kuitofautisha na usiku mpaka uangalie simu. Sauti ilitoka sebuleni: mama yake, Bibi Dafrosa, alikuwa anafungua na kufunga zipu ya sanduku lake.

"Mama, safari si Jumatatu? Leo Jumamosi!"

"Asiye na wa kumlilia hujiandaa mapema," mama yake akajibu.

Basi, usingizi ukaishia hapo.

Tatizo lilikuwa Mikael. Bibi Dafrosa alitoka Bukoba kuja kumwona mjukuu huyu aliyezaliwa ughaibuni, na tangu siku ya kwanza alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote mwenye akili timamu anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Akaanza na utani. "Mume gani huyu, masikio kama vipini vya sufuria?" "Mume wangu hajui hata kumenya ndizi, nimeolewa hasara!" Halafu akakaa mkao wa kusubiri jibu. Kwao utani ni mchezo wa watu wawili: bibi anarusha, mjukuu anarudisha, na anayerudisha kwa ukali ndiye kipenzi. Theresia mwenyewe, alipokuwa mdogo, alimwambia babu yake kwamba upara wake unafaa kuanikia kahawa, na babu akamchinjia kuku.

Lakini Mikael alikuwa na miaka saba na alikuwa mwanafunzi mwema. Shuleni amefundishwa kwamba mtu akikuchokoza, unanyoosha mkono, unafungua kiganja, unasema "Stopp!" Kwa hiyo kila Bibi alipofungua mdomo, kiganja kikapanda.

"Ananisimamisha kama trafiki," Bibi Dafrosa alilalamika. "Mimi! Nimekuwa lori?"

Theresia alijaribu kueleza huku na huku. Mtoto alimjibu kwa Kiswidi, akiwa na uso wa hakimu, kwamba Bibi anachokoza watu na hilo haliruhusiwi. Mama yake naye alimjibu kwamba mtani asiyejibu ama ni mgonjwa ama amekuchukia, na mtoto huyu hana homa.

Sasa Jumatatu mama angepanda ndege na neno hilo moyoni. Na kwa magoti yale yaliyokwisha kwa uzee, nani ajuaye kama angerudi?

Msaada ulitoka kwa tetekuwanga. Watoto wa mfanyakazi mwenza wa Eliud, mume wa Theresia, waliugua, na tiketi zao tatu za hoki ya barafuni zikakosa watu. Eliud mwenyewe alikuwa na zamu ya kuendesha basi siku nzima. "Mpeleke Mama," alisema akifunga koti lake la kazi. "Akaone wazee wazima wakigombania kidude."

Mchana walipanda treni ya bluu hadi katikati ya mji, wakashuka, wakapanda ya kijani. Mikael alivaa skafu yake ya bluu ya timu ya Djurgården, akawa haachi kutikisa miguu. Bibi Dafrosa alikaa mkabala naye, amejifunga vitambaa mpaka kubaki macho.

"Mikael," alisema, "funga zipu ya koti, mjukuu wangu."

Theresia aligeuka haraka. Mikael? Mjukuu wangu? Hakuna mume, hakuna masikio ya sufuria? Mama yake alikuwa anatazama dirishani, mpole kama mgeni aliyekuja kutoa pole. Upole ule ulimuuma Theresia kuliko lawama za asubuhi.

Mtoto pia alishangaa. Kiganja kilikuwa kimeshainuka nusu, akakirudisha mfukoni.

"Bibi amekasirika?" alinong'ona kwa Kiswidi.

"Amechoka kusimamishwa," Theresia akasema.

Ukumbini, Bibi Dafrosa alisimama juu ya ngazi akatazama ule uwanja mweupe.

"Tere, mwanangu. Nje barafu. Njiani barafu. Na watu wanakata tiketi waje kuona barafu?"

Lakini mchezo ulipoanza alisahau baridi. Wachezaji waliruka ukuta kama mbuzi wanaoingia shamba la watu. Kidude cheusi, ambacho yeye alikiita andazi lililoungua, kilipita hata macho hayakiwahi. Mmoja alimkumba mwenzake ukutani, mwamuzi akamtoa, akafungiwa kwenye kibanda cha vioo.

"Huyo kafanya nini?"

"Kaadhibiwa, Mama. Anakaa dakika mbili."

"Limtu lote lile? Safi!" Akafungua mkoba, akatoa senene, panzi wa kwao waliokaangwa Bukoba, akaanza kutafuna kwa raha.

Mbele yao walikaa wanaume wawili wa makamo, mmoja mwenye skafu ya bluu, mwingine mwenye nyekundu ya timu ya wageni. Walikunywa kahawa kutoka chupa moja, na hawakuacha kushambuliana.

"Kipa wenu anadaka kama bibi harusi anayeogopa maua," alisema wa nyekundu.

"Na wewe umenona, barafu ikikuona inaanza kulia," akajibu wa bluu, akammiminia kahawa zaidi.

Theresia alimtafsiria mama yake sikioni. Bibi Dafrosa akaacha kutafuna.

"Watani hao!" alisema. "Kumbe Wazungu nao wanao!"

Mikael alikuwa amekunja uso. Mwisho hakuvumilia, akamgusa bega yule wa nyekundu.

"Anakuchokoza," alimwambia kwa Kiswidi. "Mbona husemi stopp?"

Yule bwana aligeuka, akamtazama mtoto kwa heshima zote.

"Huyu ni shemeji yangu," alisema. "Nikisema stopp, atanyamaza. Na akinyamaza, nitajuaje kama bado ananipenda?"

"Simpendi," alisema wa bluu. "Nimekuja kwa ajili ya kahawa."

Wakacheka wote wawili mpaka chupa ikayumba. Mikael hakucheka. Alirudi nyuma kitini, akamtazama bibi yake, aliyekuwa amekaa kwa adabu na senene wake, hamsemeshi mtu. Akabaki anamtazama. Theresia alijifanya anaangalia mchezo.

Kipindi cha mwisho, bluu wakafunga. Ukumbi mzima ulisimama, shemeji mmoja akamkumbatia mwenzake aliyekuwa anasonya, na kwenye skrini kubwa ukatokea uso wa mfungaji. Alicheka kwa furaha yake yote, na mbele kinywani palikuwa na pengo ambalo ungepitisha ndizi.

Bibi Dafrosa alipiga makofi. Alicheka hadi kilemba kikalegea, akasahau kuziba mdomo kwa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulisahau mbele za watu.

Mikael alitazama skrini. Akamtazama Bibi. Akarudi kwenye skrini.

"Mama," alinong'ona, "tänder ni nini kwa Kiswahili?"

"Meno."

"Meno," akarudia taratibu, akiionja ile sauti. "Meno. Meno."

Theresia aliona inakokwenda. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe kumziba mtoto mdomo, maana mtu mzima ni mtu mzima, na watu wamejaa. Ukafika nusu ya njia. Kisha akaushusha, akaukalia.

Mikael alipanda juu ya kiti ili wawe sawa kwa kimo. Akamshika bibi yake bega, akavuta pumzi, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika safu ya mbele:

"Bibi, wewe pia huna meno!"