Get ya Mwalimu Wabwile

Nyaruai hakuwa mtu wa kuona haya. Kwa miaka ishirini na miwili alipeleka viazi kutoka Kitale hadi soko la Bungoma kila Jumatatu na Alhamisi, na katika miaka hiyo alikuwa amegombana na madereva, wapagazi na askari wa kaunti, na mara nyingi yeye ndiye aliyetoka kifua mbele. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyemshinda kabisa, na huyo alikuwa na miaka saba.

Alikuwa mjukuu wake. Gathii, mwanawe wa pekee, alikwenda Kanada miaka tisa iliyopita, akaoa huko, akazaa huko. Na Wakikuyu, msichana wa kwanza humpa jina la mamake baba, kwa hivyo mtoto naye aliitwa Nyaruai. Usidhani ni jina tu. Kwao, aliyepewa jina lako ni wewe mwenyewe umerudi mdogo. Ndiyo maana bibi alipopiga simu hakuuliza kama mtoto ameamka. Aliuliza, "Mimi mdogo ameamka? Amekula?"

Sasa niambie, utaishije usipoweza kuongea na wewe mwenyewe? Mtoto alijua Kizungu peke yake. Bibi alijua Kikuyu, Kiswahili na Kibukusu cha kuuzia viazi. Kwenye simu mtoto alisema, "Hi, Shosho," yaani bibi kwa Kikuyu, halafu pande zote mbili zikanyamaza. Gathii alitafsiri, lakini alitafsiri kama mtu anayefagia akiwa na haraka. Mtoto aliongea dakika nzima, Gathii akasema, "Anasema yuko sawa." Ati yuko sawa! Dakika nzima!

Basi mwezi wa nane Gathii alipopiga kusema kwamba yeye na mtoto watakuja Desemba kwa wiki mbili, Nyaruai alifunga shauri. Alhamisi hiyo, viazi vilipoisha, alivuka barabara hadi kibanda cha Mwalimu Wabwile. Wabwile alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Kabuchai miaka thelathini na minne. Sasa amestaafu, anauza kalamu na kutoa fotokopi, na bado anavaa tai.

"Mwalimu, nataka Kizungu ya kuongea na mtoto," Nyaruai alisema. "Si ya kuandika barua."

"Una muda gani?"

"Mpaka Desemba."

Wabwile alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Gathii, huo muda hautoshi Kizungu. Unatosha neno moja. Lakini neno lenyewe ni la maana, bana. Wazungu ni wavivu. Sisi tuna kupata, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kufika, kupona, kuzeeka. Wao wamechukua get, wakamtwika mizigo yote hiyo peke yake. Ukiwa na get huwezi kulala njaa Ulaya."

Wakakubaliana ndoo ndogo ya viazi kwa kila somo. Wabwile hakuwa mtu wa kufundisha kwa mdomo tu. Alimfundisha Nyaruai vile alivyofundisha darasa la kwanza, kwa kutenda. Alisimama mbele yake na rula, akasema, "Get up!" na Nyaruai akainuka kutoka kwenye gunia alilokalia. "Get down!" akakaa. "Get in!" akaingia kibandani. "Get out!" akatoka. "Get the book!" akakimbilia kitabu. Mama mwenye miaka sitini na mmoja, leso kiunoni, anaingia na kutoka kama kuku. Rosaline, aliyeuza nyanya pale mbele, alishika mbavu.

"Mama Gathii, kwani unaingia jeshi?"

"Nyamaza wewe. Mjukuu wako atakuja kukuongelesha na ishara."

Kulikuwa na get nyingine pia, za upole. Get tired ni kuchoka. Get old ni kuzeeka. Get wet ni kunyeshewa. Hizo Wabwile alizisoma tu akiwa ameketi, na kwa sababu hazikuwa na kitu cha kufanya, hazikukaa kichwani mwa Nyaruai. Zile za kuinuka na kukaa zilikaa. Kufika Desemba alikuwa na hamsini na saba ndani ya daftari, na usingizini zilimtoka.

Siku ya siku Kimeli, jirani mwenye gari, alikwenda kuwachukua Eldoret. Gari liliposimama mlangoni, Nyaruai alikuwa ameshasimama hapo tangu chai ya saa nne, nguo mpya mwilini. Mlango wa nyuma ukafunguka. Uso mdogo ukachungulia, na ulikuwa uso wake, paji lilelile, pengo lilelile kati ya meno. Nyaruai alivuta pumzi.

"Get down!" alisema.

Mtoto akashuka haraka.

"Get in! Get in!" na mkono ukaonyesha nyumba. Mtoto akaingia.

Gathii alibaki na begi mkononi. "Mum! Kizungu umetoa wapi?"

"Kwani ni ya baba yako?" Nyaruai alijibu, na siku hiyo kiburi kilimpanda hadi utosini. Get the chair, mtoto akaleta kiti. Get your cup, akashika kikombe. Kila neno lilifanya kazi! Alitamani Rosaline aone.

Lakini kuna kitu ambacho Wabwile hakusema, na Nyaruai hakukijua. Mwalimu alikuwa amemfundisha maneno pamoja na sauti yake, ile sauti ya paredi ya asubuhi shuleni, ya rula mkononi. Siku ya kwanza mtoto alitii. Siku ya pili alitii akimwangalia babake. Siku ya tatu, Nyaruai akitokea mlango wa jikoni, mtoto alitoka kwa ule mwingine. Nyaruai akamfuata kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, akiita, "Get here! Get here!"

Siku ya nne jioni alikuwa akichambua mboga kwenye baraza, akasikia mtoto akimnong'onezea babake ndani. Hakuelewa kitu ila neno moja lililorudi mara tatu. Angry. Halikuwa kwenye daftari.

"Gathii," aliita. "Angry ni nini?"

Gathii alitoka akikuna kichwa. "Achana nayo, Mum. Ni watoto."

"Mimi nimekuuliza."

"Ni kukasirika." Akasita. "Anauliza ni nini amekukosea."

Nyaruai aliweka mboga chini. Iliuma, tusidanganyane. Miezi minne ya kuinuka na kukaa kwenye gunia, watu wakimcheka, ili amwambie mtoto kwamba anampenda, na mtoto amesikia anafokewa. Usiku huo hakula.

Jumatatu aliwaacha wageni nyumbani akaenda Bungoma bila kiazi hata kimoja, na daftari kwenye mfuko. Wabwile alikuwa anafungua kibanda.

"Mwalimu, mtoto ananiogopa," alisema, akamweleza yote, hata lile la mlango wa jikoni. "Nipe maneno ingine. Hii umenipa ni ya kuchunga ng'ombe."

Wabwile alilipokea daftari, akaligeuza ukurasa kwa ukurasa kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. 

"Mama Gathii," alisema mwishowe, "haya ndiyo maneno niliyoambia watoto miaka thelathini na minne. Inuka, kaa, toka, leta. Sikuwa na mengine." Akafunga daftari. "Wangu wa kuzaa wako Nairobi. Wanakuja Krismasi, wananiambia wako sawa, wanarudi."

Nyaruai alikuwa amekuja na maneno makali tayari mdomoni, akayameza. Alikuwa na hasira, lakini hasira gani utamwonyesha mtu kama huyo? Alimwachia daftari, akarudi Kitale mikono mitupu.

Alimkuta mtoto peke yake uani, anasimamisha magunzi ya mahindi safu kwa safu kama darasa. Gathii alikuwa amelala. Mtoto alipomwona aliinuka mara moja, mikono pembeni, akingoja kuambiwa. Ndivyo Nyaruai mwenyewe alivyosimama mbele ya rula ya Wabwile, na kule kusimama kulimchoma kuliko lile neno angry.

 Aliketi chini kwenye mchanga, na nguo zake nzuri, mbele ya magunzi, kama kwamba na yeye ni gunzi. Akajigonga kifua. "Shosho," alisema. Kisha akamnyooshea mtoto kidole. "Wewe, mwalimu." Akangoja.

Mtoto alimtazama. Akatazama mlango wa jikoni. Halafu kwa sauti ndogo sana, sauti ya kujaribu kama maji ni moto, akasema, "Get up?"

Nyaruai akainuka. Magoti yalilia, lakini akainuka.

"Get down."

Akakaa.

"Get up. Get down. Get up!" Sasa sauti imepanda, na ule mdomo wenye pengo umeanza kucheka. "Get the stick! Get the hat!" Nyaruai akakimbia, akaleta kijiti, akaleta kofia ya Gathii, akaambiwa kwa ishara aivae, akaivaa. Hakuna hata moja asiyoijua. Zote za kutenda alikuwa amezifanya mbele ya rula, na mtoto naye alizidi kuzitoa. Gathii alipoamka alimkuta mamake amesimama juu ya meza ya sebuleni, kofia upande, mikono juu.

"Mum! Shuka utavunjika!"

"Sijaambiwa," alisema Nyaruai.

Kuanzia hapo huwezi kuwatenganisha. Mtoto aliamuru, bibi akatii, na katikati ya amri wakapata mengine: inuka, kaa, leta, kuku, jiwe, uji. Siku nyingine bibi ndiye aliyeamuru, na mtoto akakimbia akicheka. Sauti ilikuwa ileile ya Wabwile. Haikumtisha mtu tena.

Wiki mbili si kitu. Asubuhi ya kuondoka, Kimeli alipakia mabegi mapema. Nyaruai alikuwa ameshasema haendi uwanja wa ndege. Alikwenda miaka tisa iliyopita, Gathii akiondoka, akalia mpaka akaketi sakafuni mbele ya watu, na akaapa hatarudia aibu hiyo. Angeaga hapo nyumbani, kwa malapa, mikono ina unga wa chapati. Akamkumbatia Gathii. Akamkumbatia mtoto, wakaingia garini.

Dirisha likashuka.

"Shosho," mtoto alisema. "Get in."

Gathii aligeuka kumweleza mtoto kwamba Shosho anabaki. Lakini Nyaruai alikuwa ameshafungua mlango.

"Mum, si ulisema? Na malapa?"

"Umesikia nimeambiwa nini."

Njia yote hadi Eldoret mtoto alimshika mkono wenye unga. Na kadiri walivyokaribia, Nyaruai alizidi kuelewa kwamba mtoto hakumaanisha Eldoret. Wiki nzima alikuwa amesema neno na Shosho akatenda. Kwake lilikuwa jambo lililokwisha, Shosho anakuja Kanada.

Mlangoni, pale wanapoingia wasafiri tu, askari aliomba tikiti. Gathii akatoa mbili. Mtoto aliingia hatua moja, akageuka. "Get in, Shosho." Nyaruai hakusogea. "Get in!" Mtoto alirudi, akamshika leso kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti. Gathii alimbembeleza kwa Kizungu kirefu na hakuna kilichosaidia. Foleni nyuma ikaanza kuguna.

Nyaruai aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. Safari hii hakuketi sakafuni. Alibandua vidole kutoka kwenye leso, kimoja kimoja, akamfuta mtoto kamasi kwa upindo wake.

"Nyaruai," alisema. "Get in."

Mtoto alimtazama machoni, muda mrefu kidogo. Kisha akaenda. Alipofika kwenye mashine ya mizigo alipunga mkono, na Nyaruai akampungia mpaka askari akamwomba apishe watu.

Kimeli alikuwa anangoja nje. Alimwangalia miguu. "Mama, umesafiri na malapa?"

"Washa gari," alisema Nyaruai. "Kesho kutwa ni Alhamisi, nina ndoo ya viazi ya kumpelekea Mwalimu."