Hesabu ya Saa Kumi na Mbili

Siku ile niliianza kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa vibati.

Katika hifadhi yetu kila mgeni anayeingia anapewa kibati, kipande cha bati chenye namba, kinaenea kwenye kiganja. Akitoka anakirudisha, na karani wa getini anakitundika kwenye ubao wa misumari. Saa kumi na mbili jioni geti likifungwa, naukagua ubao mwenyewe. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu amebaki porini, na hakuna askari anayekwenda kulala mpaka mtu huyo apatikane. Ubao ukijaa, natia saini kwenye daftari, natangaza redioni kwamba hesabu imetimia, na kila gari la doria linageuza kurudi kambini. Utaratibu huu niliuanzisha mimi, baada ya mgeni mmoja kukesha juu ya mti huku simba watatu wamejipumzisha chini yake, na sisi kambini tumelala fofofo.

Mimi ni mkuu wa ulinzi. Cheo kinasikika kikubwa, lakini kazi yenyewe ni kugombana. Nagombana na majangili, na wageni wanaoshuka kwenye magari, na madereva wanaokimbiza magari kana kwamba wanafukuzwa, na zaidi ya wote nagombana na watu wetu wenyewe. Mwaka wa kumi na tisa huu. Nikiwapa mgongo askari wananiita Bi Kibati. Wanadhani sijui.

Asubuhi ile nilikuta karani wa getini ameingiza watu watatu bila vibati. Karani huyu tunamwita Kalamu, kwa sababu huwa na kalamu moja kila sikio, na ukimwomba moja anasema hana.

"Ni wageni wa mkurugenzi, mkuu," akajitetea. "Kapiga simu mwenyewe. Kasema wasisumbuliwe."

"Mkurugenzi akimpigia simu simba, simba anapokea?"

"Hapana, mkuu."

"Wakipotea huko, nitawatafuta kwa namba gani? Ya simu ya mkurugenzi?"

Askari wanne walikuwa wamesimama kando wakinywa chai, na mimi nikapandisha sauti makusudi ili nao wasikie. "Sikiliza, Kalamu. Hata mama yangu mzazi akija hapa, bila kibati haingii. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Nikamwandika kwenye daftari la makosa, nikamtuma askari na pikipiki akawapelekee wale wakubwa vibati vyao huko huko walikofika. Kalamu alinuna mpaka midomo ikatangulia pua.

Saa sita na nusu mchana, mama yangu mzazi akaja.

Sikumwita. Jirani yake alikuwa na safari ya upande huu, akadandia gari. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kukanyaga hifadhini. Kila likizo nilimwahidi kwamba nitamleta, na kila likizo palizuka moto, au jangili, au mkutano, hata likizo zenyewe nikawa siendi. Sasa alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, amejifunga kanga juu ya gauni, mkononi ana hotpoti ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa cha maua.

"Shikamoo mama. Mbona hukusema?"

"Marahaba. Ningesema ungeniambia nisubiri." Akaiweka hotpoti juu ya kabati la mafaili. "Nimekuja kumwona huyo aliyeniibia mwanangu. Usile sasa. Tutakula wote ukishanitembeza."

Nilifurahi, na papo hapo nikakereka, maana redio ilikuwa inaniita. Mgeni mmoja ameshuka garini kupiga picha na nyati. Getini palikuwa na mabasi mawili ya wanafunzi, foleni imejikunja mara mbili, na Kalamu anagawa vibati kwa mwendo wa konokono ili kunikomoa. Pembeni ya ofisi yangu kuna geti dogo la wafanyakazi, na lori la maji lilikuwa linapita hapo kuelekea bwawani. Nikamsimamisha dereva.

"Mpeleke mama yangu, mshushe kwenye banda la kutazamia wanyama. Mama, kuna benchi pale juu. Kaa hapo, usishuke hata ngazi moja, usiondoke mpaka nije mwenyewe. Nusu saa tu."

"Haya," akasema mama, akapandishwa kwenye lori kama bibi harusi.

Kibati nilikikumbuka. Nisijidanganye, nilikikumbuka kabisa. Nikaitazama foleni, nikajiambia ni nusu saa tu, na tena nitakuwa naye mimi.

Mgeni wa nyati alikuwa na kofia pana na mdomo mpana zaidi. Nyati alikuwa ameshaupiga mlango wa gari pembe moja na kwenda zake, na mgeni badala ya kushukuru akawa anauliza nani atalipa mlango.

"Nimelipa kiingilio," akaniambia.

"Umelipa kuangalia. Kuchomwa pembe ni huduma nyingine, hatuna."

Nikamwandikia faini. Akapiga simu kwa kila mtu anayemjua na wawili asiowajua. Ilinila saa nzima na nusu. Sijamaliza, mkurugenzi akanipigia: wageni wake wamelalamika kwamba walifukuzwa na pikipiki na kugawiwa namba kama wafungwa. Nilisimama kando ya barabara, jua linanichoma utosi, nasomewa maana ya ukarimu na mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka. Nikamjibu kwa adabu. Alipokata simu, basi moja la wanafunzi likazama kwenye tope upande wa pili wa hifadhi. Tulilisukuma mpaka viatu vikabaki matopeni. Watoto walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa natukana, ila kimoyomoyo, kwa sababu ya mwalimu wao.

Nilifika getini saa kumi na mbili kasoro dakika tano, nimechafuka mpaka nyusi.

Ubao ulikuwa umejaa. Nilipitisha kidole msumari kwa msumari, vibati mia moja arobaini na mbili, na daftari linasema mia moja arobaini na mbili.

"Hesabu imetimia, mkuu," akasema Kalamu, na hata yeye alitabasamu kidogo.

Nikatia saini. Nikachukua redio nikatangaza. Kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi kuna kitu kimoja duniani kinachokwenda kama nilivyokipanga. Nikaingia ofisini kuchukua mkoba wangu, na hotpoti ilikuwa pale pale juu ya kabati, haijafunguliwa.

Mama alikuwa bado bandani.

Simu kule bwawani hazishiki. Askari hawapiti kwenye lile banda jioni, ila kama kuna msumari mtupu. Nilipanga mimi hivyo, ili wasichome mafuta na muda bure. Na muda mfupi tu uliopita, kwa sauti yangu mwenyewe, nilikuwa nimewaamuru wote warudi.

Niseme ukweli ulivyo, ingawa naona aibu. Wazo la kwanza kunijia halikuwa tembo, ambao kila jioni huteremka kunywa maji kwa njia ile ile ya bwawani. Lilikuwa Kalamu na kalamu zake mbili. Nikachukua ufunguo. Ni mwendo wa dakika kumi na tano, nakwenda peke yangu, namchukua mama, tunatokea geti la wafanyakazi, hakuna atakayejua. Nilishaingia kwenye gari. Nilishawasha.

Ukutani mwa ofisi, pale taa za gari zilipopiga, pamebandikwa amri: baada ya kufunga, hakuna gari kwenda bwawani peke yake, yeyote awaye. Saini yangu iko chini. Niliiandika baada ya askari wangu mmoja kukanyagiwa gari na tembo, akavunjika miguu yote miwili, na tukamkuta baada ya saa nne kwa sababu hakumwambia mtu anakokwenda. Ningelala njiani kama yeye, nani angejua kwamba kuna mwanamke mzee amekaa kwenye benchi? Ubao unasema hayupo.

Nikazima gari. Nikashika redio.

"Magari yote, hapa mkuu. Hesabu haijatimia. Narudia, haijatimia. Kuna mtu mmoja banda la bwawani. Mwanamke, miaka sabini na moja. Hana kibati."

Redio ikakoroma. Kisha Kalamu, kutoka getini: "Mkuu, ubao umejaa."

"Hana kibati kwa sababu nilimpitisha mimi. Geti la wafanyakazi, mchana."

"Ni nani, mkuu?"

"Ni mama yangu."

"Mzazi?" akauliza Kalamu.

"Mzazi."

Ningeomba ardhi inimeze, lakini siku hiyo hata ardhi nisingeiamini. Aliyeniokoa ni msaidizi wangu, mtu mzito wa maneno, ambaye gari lake lilikuwa bado ng'ambo ya bwawa. "Mkuu, usije kwa njia ya chini. Tembo wako barabarani, zaidi ya kumi, wana watoto. Mimi naingia kwa nyuma."

Nilikwenda na askari wawili mpaka kwenye kona, tukazima taa na injini. Tembo walikuwa wanavuka mbele yetu bila haraka, mmoja baada ya mwingine, na mama tembo mmoja akasimama katikati ya njia, akatutazama, masikio ameyatandaza. Ningekuja peke yangu kwa ule mwendo wangu wa kuficha aibu, ningemwingia tumboni. Askari mmoja akaanza kuniambia pole, nikamwambia anyamaze, halafu nikamshika mkono nikawa siuachii. Mwanga ulikuwa unakwisha. Nilimwona mama kichwani mwangu anashuka ngazi kunitafuta. Nilimwona amekwenda kunawa uso bwawani kwenye mamba. Kila nilichowahi kumwandikia mgeni faini, nilimwona mama anakifanya.

"Tumempata," ikasema redio. "Mzima."

Nilifunika uso kwa kofia.

"Ila kuna tatizo, mkuu. Anasema haondoki."

"Nini?"

"Anasema kaambiwa na mkuu wa hapa asiondoke mpaka aje mwenyewe. Askari wa doria alimkuta saa tisa mchana, akamwambia hivyo hivyo, na askari akaona mama kajieleza vizuri, akapita."

"Mpe redio."

Redio ikagongwagongwa, kikohozi kidogo, kisha sauti ya mama, ya mtu aliyechoka lakini hajagombana na mtu. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama. Panda gari la huyo kijana."

"Nusu saa imekwisha?"

Askari wote wa hifadhi walikuwa wanasikiliza. "Imekwisha, mama," nikasema. "Nisamehe."

Walimfikisha getini giza linaingia. Doria nzima ilikuwa imekusanyika pale, na hakuna aliyekuwa na shughuli. Mama alishuka, akajipangusa vumbi, na Kalamu, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono.

"Kibati, mama."

"Sikupewa, baba."

Kalamu akanigeukia. "Mkuki kwa nguruwe..." akaanza, akameza yaliyobaki.

"Malizia."

"Hapana, mkuu. Inatosha."

Kesho mkurugenzi atasikia, na atacheka mpaka kile kiti kizunguke chenyewe. Wageni wake sasa watapita bila namba mwaka mzima, na nikifungua mdomo nitaulizwa habari za mama. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, hata pale, hata mama akiwa mzima mbele yangu: kwamba nilikuwa na haki, siku nzima nilikuwa na haki, nikaitupa mwenyewe kwa ajili ya foleni.

Nikaingia kibandani kwa Kalamu. Nikafungua daftari la makosa, na chini ya mstari wake wa asubuhi nikaandika wangu: kumpitisha mgeni bila kibati, mkuu wa ulinzi. Nikafungua daftari la hesabu, nikakata mia moja arobaini na mbili, nikaandika mia moja arobaini na tatu, nikaomba kalamu nyingine kwa sababu ile yangu ilikuwa imekwisha wino. Kalamu akatoa ya sikio la kushoto.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, anautazama ule ubao wa misumari.

"Hivi ndivyo hivyo vibati?"

"Ndivyo."

"Vya nini?"

Nikamweleza. Mgeni akiingia anapewa, akitoka anarudisha. Jioni kibati kisiporudi, tunajua kuna mtu hajarudi, basi tunatoka sote kumtafuta, hata iwe mpaka asubuhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anakitafuta kitu siku nyingi akaonyeshwa kilipo.

"Kumbe mwenye kibati ndiye anayetafutwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi si ungenipa na mimi zamani."

Hakusema kwa hasira. Kalamu aliinama, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mimi nilibaki na daftari mkononi, na mama akanishika kiwiko, akaniuliza ofisi yangu iko upande gani, maana ile hotpoti hajaifungua, na kutoka asubuhi hajala.